Maswali ya Wasomaji: Barua Pepe za Kitapeli kwa Marubani wa Glaida na Walimu wa Urubani

Mwezi huu safu hii imepokea barua nne kutoka kwa wasomaji wanaorusha glaida, yaani ndege zisizo na injini ambazo huvutwa angani na ndege nyingine au kwa winchi, yaani mashine ya ardhini inayovuta kebo, kisha huachiwa zielee kwa msaada wa hewa ipandayo, pamoja na jamaa wa mwalimu mmoja wa ndege za kawaida. Barua zote zinahusu ujumbe wa barua pepe uliotumwa na matapeli. Tumezifupisha, na kwa ombi la waandishi wake tumeacha majina yao.

Mpendwa mhariri,
Mimi ni Mtanzania niishiye Pennsylvania, na mwishoni mwa juma hufundisha kwa kujitolea katika klabu ya glaida. Wiki tatu zilizopita niliandikiwa barua pepe na mtu aliyejitambulisha kuwa ni daktari wa melini, akisema watoto wake watatu watakaa mjini kwetu mwezi mzima na kwamba angependa wafundishwe glaida “saa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki”. Alieleza kuwa ana tatizo la kusikia na hawezi kuzungumza kwa simu. Nilimtajia dola 2,400. Hundi ya benki iliyoletwa na posta ni ya dola 5,850, na maelezo yake ni kwamba ziada hiyo ni ujira wa dereva atakayewaleta watoto, nami nimtumie dereva huyo leo hii kwa sababu anatakiwa kulipia gari. Nimeiweka hundi benki, na kesho yake salio langu likaongezeka. Mke wangu ananisihi nisubiri, lakini naona haya kumcheleweshea mtu fedha zake. Nifanyeje?

Ndugu Mwalimu, msikilize mkeo. Usimtumie dereva huyo hata senti moja, na hizo dola 5,850 zihesabu kuwa hazipo, ingawa benki inakuonyesha kwamba zipo. Sheria ya Marekani huilazimu benki kumruhusu mteja azitumie fedha za hundi ndani ya siku chache, na kwa hundi ya benki, ile inayotolewa na benki yenyewe, mara nyingi ni siku ya kazi inayofuata, kabla benki hiyo haijapata uhakika kwamba hundi ni halali. Uhakika huo huweza kuchukua wiki kadhaa. Hundi ikigundulika kuwa bandia, benki itaziondoa zile dola 5,850 zote katika akaunti yako, na dola 3,450 ulizomtumia “dereva” zitakuwa zimetoka katika mshahara wako mwenyewe. Tapeli hana haja na masomo wala hana watoto. Anachokivuna ni tofauti kati ya kiasi ulichotaja na kiasi alichoandika.

Wasomaji wa Kenya wanaifahamu hila hii kwa sura nyingine. Simu inapokea ujumbe uliotengenezwa ufanane kabisa na ule wa M-Pesa, kwamba umepokea shilingi elfu kadhaa, na kabla hujaangalia salio mtu anapiga akilalama kwamba alikosea namba, kwamba fedha hizo ni za dawa za mama yake, na kwamba tafadhali umrudishie. Wanaorudisha ni watu waungwana. Hundi ya Pennsylvania ni ujumbe uleule uliochapishwa kwenye karatasi nzuri, na ubaya wake umezidi, kwa sababu safari hii hata ukiangalia salio utaziona fedha zimeingia.

Sasa isome tena barua pepe ya daktari huyo kwa macho ya mwalimu. Anataka saa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki, mwezi mzima. Wewe unajua kwamba glaida iliyovutwa hadi futi 3,000 siku isiyo na hewa ipandayo hurudi uwanjani baada ya dakika kama ishirini, kwamba siku ya mvua au upepo mbaya hakuna kuruka kabisa, na kwamba klabu hutoza kwa kila mvuto, yaani kila glaida inapovutwa juu, kulingana na kimo, huku walimu wengi wakifundisha bure. Hakuna anayeweza kuuza masomo ya glaida kwa saa kama masomo ya kinanda. Na kwa hakika barua hiyo iliandikwa kwa ajili ya walimu wa kinanda, na wa kuogelea, na wapiga picha wa harusi, na watafsiri. Tapeli hubadilisha neno moja tu, kisha huituma kwa maelfu.

Ona pia yale ambayo hakuyauliza. Mzazi wa kweli, hata asiyejua lolote kuhusu ndege, huanza na usalama: mtoto wangu atakaa na nani ndani ya hicho chombo, na kikianguka je? Nawe ungemuuliza umri na uzito wa kila mtoto, kwa sababu ndani ya kila glaida kuna kibao kinachotaja uzito wa chini na wa juu wa anayekaa kitini, na mtoto mwepesi huhitaji kuongezewa vyuma vya uzito ili ndege isiharibikiwe mizani. Kuhusu umri, Marekani hairuhusu mwanafunzi kurusha glaida peke yake kabla ya kutimiza miaka 14. Nakushauri kila ombi la mbali ulijibu kwa maswali haya mawili. Tapeli hatayajibu, au atajibu kwa kurudia habari za malipo, kwa kuwa malipo ndiyo sehemu pekee ya barua aliyoiandaa.

Lile tatizo la kusikia linahitaji uangalifu, na ninaomba lisikufanye umkatae kiziwi wa kweli atakapokuja. Wapo viziwi wanaorusha ndege. Calbraith Rodgers, aliyeivuka Marekani kwa ndege mwaka 1911, alikuwa na usikivu hafifu sana tangu utotoni. Tapeli hulitumia dai hilo, pamoja na lile la kuwa melini, ili usimsikie sauti wala usimwone uso. Kiziwi wa kweli huzoea mazungumzo ya video na hujua njia nyingi za kuwasiliana, kwa hiyo pendekeza video, na uone kama atakubali.

Walimu wa ndege zenye injini walioko Marekani wana kipimo kingine cha nguvu. Tangu mwaka 2004, kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001, raia wa kigeni anayetaka kujifunza kurusha ndege hizo lazima kwanza achunguzwe na idara ya usalama wa usafiri, TSA, na mwalimu mwenyewe anawajibika kuhakiki uraia wa mwanafunzi wake. Mzazi anayesema watoto wake wanatoka ng'ambo wiki ijayo na wataanza masomo siku ya pili, asiulize chochote kuhusu kibali, ama hajui anachokiomba ama hana nia ya kukipata.

Mara nyingine hundi haiji, bali hutolewa namba ya kadi ya benki, nawe unaombwa kukata kiasi kikubwa kisha upeleke sehemu yake kwa dereva au mlezi. Kadi hiyo imeibwa. Mwenyewe akiiona taarifa ya matumizi atalalamika, na sheria ya Marekani inampa siku 60 za kufanya hivyo. Fedha zitarudishwa kwake kutoka kwako.

Unauliza ufanye nini leo. Nenda benki wewe mwenyewe, onana na ofisa, umweleze kila kitu kabla hawajagundua wenyewe, kwa sababu mteja aliyeweka hundi bandia akanyamaza anaweza kudhaniwa kuwa mshiriki na kufungiwa akaunti. Wakitaka kuthibitisha na benki iliyotajwa kwenye hundi, namba ya simu itafutwe kwingine. Ile iliyochapishwa kwenye hundi yenyewe huenda ikapokewa na tapeli, naye atakuthibitishia kwa heshima zote. Hifadhi hundi, bahasha na barua pepe zote. Tapeli usimjibu, hata kwa kumtukana, maana jibu lolote humwambia kwamba anwani yako ina mtu.

Nakuomba tena uweke kanuni sasa hivi, wakati hakuna anayekuharakisha. Wewe humfundisha mwanafunzi hivyo: kabla ya kuvutwa, mnakubaliana kimo ambacho kamba ikikatika ataweza kugeuka na kurudi uwanjani, kwa kawaida futi 200, na mnapokipita anakitamka kwa sauti, mkono ukiwa karibu na kishikio cha njano cha kuachia kamba. Hasubiri kamba ikatike ndipo aanze kufikiri. Kanuni yako iwe kwamba mwanafunzi hulipa uwanjani, siku ya kuruka, kwa mivuto aliyovutwa, na kwamba hakuna fedha itakayotoka kwako kwenda kwa mtu wa tatu. Ukiwa nayo, aibu uliyoiona ya kumcheleweshea mtu “fedha zake” haitapata pa kukushika.

Ndugu mhariri,
Mimi ni mweka hazina wa klabu ndogo ya glaida Uingereza. Nilipata barua pepe kwa jina la mwenyekiti wetu: “Uko karibu? Nina jambo la haraka, niko mkutanoni siwezi kupokea simu.” Nilipojibu, akaniomba ninunue kadi za zawadi, zile zenye fedha za kununulia vitu dukani, za pauni 500 kwa ajili ya wanaojitolea, nimpigie picha namba zilizo nyuma ya kadi. Nilishtuka nikampigia, naye hakujua lolote. Je, barua pepe yake imedukuliwa?

Huenda haikudukuliwa, ingawa si vibaya abadilishe nywila na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Angalia anwani kamili iliyojificha nyuma ya jina, kwa kuwa simu nyingi huonyesha jina peke yake. Mara nyingi utakuta ni anwani ya bure iliyofunguliwa juzi, yenye jina la mwenyekiti mbele yake. Tapeli hakuhitaji kuvunja mlango wowote. Klabu nyingi huchapisha hadharani majina ya mwenyekiti, mweka hazina na mkuu wa walimu pamoja na anwani zao, ili wageni wajue wa kumwandikia, na hiyo ndiyo ramani ya nani anaweza kumwamuru nani atoe fedha. Wekeni anwani ya ofisi badala ya za watu binafsi, na cheo kinatosha bila jina.

Ulifanya vema kumpigia, na ningependa klabu yenu iandike jambo hilo katika kumbukumbu za kamati kama utaratibu rasmi, ili mweka hazina ajaye asione kwamba kumpigia mwenyekiti ni kumdharau. Kadi za zawadi ni rahisi kuzitambua. Kinachonitia hofu zaidi ni ankara. Klabu inadaiwa fedha za kebo mpya ya winchi au bima ya mwaka. Mnamjua mwuzaji, mmekuwa mkiandikiana naye kwa miezi. Siku moja inakuja barua katika mfululizo uleule, yenye nembo ileile, ikisema benki yao imebadilika na malipo yapelekwe kwenye akaunti nyingine. Hapo inawezekana kabisa kwamba barua pepe ya mwuzaji imeingiliwa, na tapeli alikaa kimya akisoma mpaka siku ya malipo ikakaribia. Kila badiliko la akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, wala si kwa ile iliyoandikwa kwenye barua ya badiliko.

Kwa nchi mliyopo, ujumbe wa namna hii upelekeni kwa report@phishing.gov.uk. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za Uingereza zinawajibika kuwarudishia wateja waliodanganywa wakahamisha fedha kwa benki ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, na kinga hiyo inawahusu watu binafsi, biashara ndogo kabisa na mashirika madogo ya hisani. Kadi za zawadi hazimo. Ulizeni benki yenu klabu imesajiliwa kwa namna gani kabla hamjaitegemea kinga hiyo.

Mhariri,
Niko Nyeri. Nilipenda glaida tangu nilipokuwa mtoto nikizitazama zikizunguka juu ya Mweiga, na sasa mimi na wenzangu wawili tumekusanya fedha tununue iliyotumika. Tumeona tangazo la ASK 21, glaida ya viti viwili, iliyoko Uingereza, pamoja na trela yake, kwa chini ya nusu ya bei tuliyozoea kuiona. Mwuzaji ni mjane, anasema marehemu mumewe alikuwa rubani, naye anataka ipate watu watakaoipenda. Anataka tulipe kupitia kampuni ya usafirishaji ambayo itazishika fedha mpaka tuipokee. Tunaweza kumwamini?

Ningefurahi kukuambia ndiyo, maana najua ndoto ya namna hiyo inavyokaa moyoni. Lakini bei ya nusu, mjane mwenye huruma na kampuni ya usafirishaji iliyochaguliwa na mwuzaji ni mambo matatu ambayo yakikutana sehemu moja mtu anapaswa kusimama. Kampuni kama hizo mara nyingi huwa ni ukurasa wa intaneti uliotengenezwa na mwuzaji mwenyewe, wenye picha za meli na namba ya kufuatilia mzigo; mzigo “utasafiri” kwenye ukurasa huo siku kadhaa, kisha utakwama forodhani na mtaombwa ada nyingine.

Glaida, kwa bahati nzuri, si kitu kinachoweza kufichwa. Kila moja ina namba ya usajili na namba ya kiwandani, na daftari la usajili la Uingereza, sawa na lile la Marekani, liko wazi kwa yeyote kulitazama kwenye intaneti. Ombeni namba hizo zote mbili, mwone kama zinakubaliana na kama jina la mwenye ndege linalingana na hadithi mliyosimuliwa. Zitafuteni picha za tangazo kwa njia ya kutafuta picha. Matapeli huziokota katika matangazo ya zamani ya ndege zilizokwisha kuuzwa. Kisha mwombeni mama huyo jambo dogo: picha ya kibao chenye namba ya kiwandani ndani ya chumba cha rubani, pembeni yake kikiwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono tarehe ya siku hiyo. Aliye na glaida ataipata picha hiyo kwa muda wa kutembea hadi kwenye trela.

Akiwapa, bado msilipe. Iandikieni klabu iliyo karibu na anakosema ndege ipo, mwombe mwanachama au fundi mwenye leseni aende kuitazama kwa malipo, asome vitabu vya kumbukumbu za ndege na cheti cha kustahili kuruka. Marubani wa glaida wanafahamiana mno, na ndege moja hujulikana katika viwanja vingi. Mwuzaji atakayepinga ndege yake isionwe na mtu wa tatu atakuwa amewajibu swali lenu.

Shikamoo mhariri,
Baba yangu alifundisha urubani Nairobi, katika uwanja wa Wilson, kwa miaka mingi, na sasa tunaishi naye Texas, ambako bado huwafundisha vijana wachache. Juzi nimegundua kwamba ametuma dola 2,900 kwa mtu aliyedai kuwa mlezi wa wanafunzi wapya, baada ya kupokea hundi yenye fedha zaidi. Alihamisha fedha hizo kwa benki jana asubuhi. Hataki kulizungumzia, na amesema hatafundisha tena. Tuanzie wapi?

Marahaba, binti. Anzieni benki, na kama unaisoma barua hii fedha zikiwa hazijafikisha siku tatu tangu zihamishwe, iache hapa upige simu sasa. Mwambieni ofisa wa kitengo cha ulaghai kwamba mnaomba malipo yarudishwe kwa sababu ni utapeli, na mtaje jina na namba ya akaunti iliyopokea. Mara tu baada ya hapo jazeni malalamiko katika kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, IC3, kwenye ic3.gov. Kituo hicho kina kikosi kinachowasiliana na benki ili fedha zizuiwe kabla hazijatolewa, na saa 72 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Kwa waliotuma kwa Western Union, MoneyGram au kadi za zawadi, simu ya kwanza ni kwa kampuni husika.

Kumbuka kwamba hundi yenyewe bado haijarudi. Acheni katika akaunti kiasi kile chote cha hundi, ili benki itakapokiondoa baba asijikute anadaiwa na kutozwa faini juu yake. Pelekeni taarifa pia kwa tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwenye reportfraud.ftc.gov.

Kuhusu baba yako, umwonyeshe takwimu hii: mwaka 2023 watu waliolalamika IC3 walitaja hasara ya dola bilioni 12.5, na miongoni mwao mna wanasheria, wahasibu na wakurugenzi wa kampuni. Aliyewafundisha watu kwa miaka mingi alizoea kumwamini kijana anayefika uwanjani asubuhi akisema anataka kuruka, na huko Wilson imani hiyo imewapa watu kazi na maisha. Tapeli aliijua imani hiyo na kuilenga. Msimkemee mbele ya wajukuu, wala msimnyang'anye simu na kadi zake. Mwombeni badala yake akae nanyi mnapojaza malalamiko, kwa kuwa yeye ndiye anayekumbuka kila neno aliloandikiwa, na kumbukumbu hiyo ina thamani kwa wapelelezi.

Bahasha iliyoleta hundi msiitupe. Ikiwa ilipita posta, wapelelezi wa posta ya Marekani, USPIS, wana mamlaka juu yake, na muhuri wake unaweza kuonyesha mji tofauti kabisa na ule uliotajwa ndani. Na katika wiki zijazo kaeni macho: huenda baba yako akapata barua pepe au simu kutoka kwa “wakili” au “ofisa” anayejua kiasi alichopoteza na siku aliyokipoteza, akiahidi kuzirudisha fedha hizo kwa ada ndogo ya kufungua faili. Atakayemwandikia ni yuleyule tapeli, au aliyeuziwa jina lake na tapeli. FBI na FTC hazitozi ada yoyote kumrudishia mtu fedha zake.